Kakangu yuko rumande anataka kujiandikisha kura, ameambiwa mahabusu hawapigi. Ni kweli?

BintiLikoni ameuliza:

Asalaam aleikum wadau. Naomba mnisome mpaka mwisho ndio mnijibu manake hii kitu imenikaa rohoni tangu Jumamosi.

Kakangu yuko rumande mwaka wa pili sasa. Kesi haijaisha, leo shahidi hakuja, kesho faili haionekani, keshokutwa hakimu yuko likizo. Bondi alipewa lakini wanataka hati ya shamba na sisi shamba hatuna, nyumba yenyewe twapanga, kwa hivyo ako ndani na hakuna mtu amemhukumu, hati tu ndio hatuna. Sasa Jumamosi nkaenda kumuona na mamangu, nkadhani ataniuliza sabuni ama pesa ya kantini, badala yake akaniuliza uandikishaji wa kura umefika wapi. Nkamwambia IEBC (tume ya uchaguzi) walifungua tena tangu Septemba 2025, watu wanaenda ofisi za eneo bunge, 2027 si mbali. Akaniambia na yeye alishamuuliza afande mmoja hapo ndani akajibiwa mahabusu hawapigi kura, subiri utoke.

Mjue kakangu ni mtu wa aina gani. Baraza la bajeti ya kaunti likiitwa kwa wadi yetu wengine wanangoja soda na nauli, yeye huenda na karatasi yake ameandika. Taa ya barabarani pale kona ya madrasa iliwekwa baada ya yeye kusimama mabaraza matatu kuuliza swali lilelile. Mtu kama huyo ukimwambia hana kura ni kama umemwambia hayuko.

Basi nauliza, ni kweli mahabusu hapigi? Na yeye alikuwa tayari amejiandikisha kwa shule ya msingi hapa mtaani, alipiga 2022, je hiyo si inatosha ama mpaka aandikishwe upya? Kipande chake (nasema kitambulisho) kilichukuliwa siku ya kukamatwa na mpaka leo hatujui kiko kituo cha polisi, kiko kotini ama kiko jela. Na lingine, anataka kutuma maoni yake ya bajeti ya mwaka ujao, mtu akiwa ndani anaruhusiwa? Mama anasema nimwache kwanza tushughulikie kesi lakini mimi naona yeye hii ndio inamshika asianguke.

MzeeWaBustani amejibu:

Waaleikum salaam binti yangu. Huyo afande amekosea, labda hajui tu, usigombane naye.

Mimi nilipiga kura nikiwa ndani tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2017. Ndio mara ya kwanza wafungwa wa Kenya walipiga kwenye uchaguzi mkuu. Jela gani na kosa gani tuyaache, nilitumikia nikamaliza. Wenzetu wa nje walikuwa na karatasi sita, sisi moja tu, ya rais. Gavana hakuna, mbunge hakuna, MCA (mwakilishi wa wadi) hakuna. Lakini hiyo moja tuliipanga foleni tangu alfajiri mpaka askari wakashangaa, manake foleni ya uji yenyewe haikuwa na adabu kama ile.

Nikwambie kitu watu hawafikirii. Mwanasiasa haji kufanya kampeni jela. Hakuna mkutano, hakuna bango, simu ni haramu. Sasa utamchagua nani na kwa nini? Sisi bloki yetu tulikuwa na redio moja, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyefungwa, basi jioni kabla ya kufungiwa mwalimu anatusomea gazeti la wiki iliyopita kwa sauti, akimaliza habari ya mgombea mmoja tunaanza kubishana, bei ya unga, mashamba, huyu alisema hivi akiwa waziri akafanya hivi. Kuna kijana alikuwa hajui kusoma, mwalimu akamfundisha kutambua majina manane ya karatasi ya rais kwa picha na herufi ya kwanza, wiki tatu nzima, mpaka akawa anatufundisha sisi. Nimeishi nje miaka mingi kabla na baada, na sijawahi kuona watu wakijadili kura kwa makini vile.

Waliojiandikisha tulikuwa wachache mno ukilinganisha na watu waliokuwa mle. Sababu ni hiyo hiyo ya kipande. Wengi hawana, ama kiko kwa polisi, ama kiko kwa mke aliyeolewa kwingine. Changu kililetwa na mke wangu, akarudishwa mlangoni mara mbili kwa sababu hakuna aliyejua kiandikwe kwenye kitabu gani, mara ya tatu akakaa chini kwenye mchanga akasema siondoki. Ndio wakakipokea.

Sasa sikiliza kosa langu ili kakako asilirudie. Nilitoka 2019. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba jina langu limebaki kule kule jela kwenye rejista. 2022 nikaenda shule ya msingi hapa nyumbani saa kumi na moja asubuhi na kitambulisho mkononi, mashine ikaniambia kituo changu ni kule. Kilomita mia tatu na. Nikarudi nyumbani kuchimba viazi. Niliumia kuliko siku niliyofungwa, nakwambia ukweli.

ParalegaliPwani amejibu:

Dada BintiLikoni, pole na pongezi kwa kumsikiliza kakako. Mimi nafanya kazi ya kusaidia mahabusu na wafungwa na mambo ya kesi zao hapa Pwani, hili swali nalipata kila mwezi.

Katiba ya 2010 kifungu cha 83 kimetaja ni nani hawezi kuandikishwa: asiyefika miaka 18, asiye raia, aliyetangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na aliyepatikana na kosa la uchaguzi ndani ya miaka 5 iliyopita. Basi. Soma mara mia hutaona neno mahabusu, hutaona neno mfungwa. Halafu kifungu cha 51 kinasema mtu aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa ile ambayo haiwezekani kabisa kwa sababu ya kule kuzuiliwa. Kutembea mjini haiwezekani. Kutumbukiza karatasi kwenye sanduku inawezekana, Mzee hapo juu ametuambia.

Na hii haki haikuja kwa hisani ya mtu. Kabla ya katiba mpya mfungwa alikuwa hagusi kura. Mwaka 2010 tukienda kura ya maamuzi, Priscilla Nyokabi Kanyua wa Kituo cha Sheria, lile shirika la msaada wa kisheria, alienda kwenye ile koti ya muda ya mizozo ya katiba akidai wafungwa wapige, na mwezi wa 6 koti ikakubali, kwa hivyo tarehe 4 Agosti 2010 waliokuwa ndani nao walisema ndio ama la kwa hii katiba tunayoitumia leo. Watu wengi hawajui kuna kura za wafungwa ndani ya kuzaliwa kwa hii katiba. Ikafika 2013, Kituo cha Sheria wakarudi kotini dhidi ya IEBC, Jaji Majanja akasema haki yao ipo na tume ina wajibu, lakini uchaguzi wa tarehe 4 Machi ukapita bila wao. 2017 ndio wakapiga, waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 5,000 nchi nzima, na 2022 wakawa zaidi ya 7,000. Inapanda, lakini jela zetu zina makumi ya maelfu ya watu, kwa hivyo wengi bado hawajafikiwa.

Sasa maswali yako. Kuandikishwa kwake shuleni hakujafutika ila hakumsaidii akiwa ndani, manake Kenya unapiga pale jina lako lilipo. Inabidi ahamishe kituo kuja cha jela, na hiyo inafanyika makarani wa IEBC wakija na mashine ndani, kwa hivyo kazi yenu ni kuhakikisha siku hiyo ikifika yeye ana kitambulisho na jina lake liko kwa orodha ya ofisa wa ustawi wa jela. Muone huyo ofisa wa ustawi, usibaki kwa afande wa mlangoni. Na akiachiliwa kabla ya 2027, siku ya kwanza ya kutoka asalimie mama, siku ya pili aende ofisi ya IEBC ahamishe tena kurudi nyumbani kabla rejista haijafungwa. Yaliyompata Mzee yamepata wengi.

Kitambulisho: anza na kituo alichokamatiwa, beba namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), uliza kitabu cha mali za washukiwa. Kama hakipo basi ama kilipelekwa kotini kama kielelezo, na hapo wakili au hata yeye mwenyewe siku ya kutajwa kesi anyooshe mkono amwombe hakimu kitolewe, ama kilifika naye jela na kiko kwa bahasha ya vitu vyake. Uliza hapo jela kwanza kwa kweli, nimeona familia zikizunguka miezi na kipande kiko stoo hatua ishirini kutoka kwa mwenyewe.

Bajeti: anaruhusiwa kabisa. Maoni ya umma yanapokelewa kwa maandishi, si lazima usimame barazani. Akuandikie, wewe upeleke kwa karani wa bunge la kaunti na nakala igongwe muhuri ubaki nayo. Hata ombi rasmi kwa bunge la kaunti au la taifa anaweza kuandika, kifungu cha 119 cha katiba, kile cha ombi kwa Bunge la taifa, kinasema kila mtu, hakisemi kila mtu aliye nje.

MjombaKilifi amejibu:

Mtanisamehe lakini mimi siko hapo. Shemeji yangu alivamiwa 2018 na watu watatu wa panga, mkono wa kulia haufanyi kazi mpaka leo, alikuwa fundi cherehani. Wale watu wako ndani wamefungwa. Sasa mniambie siku ya kura yeye anashikiwa kalamu na msaidizi kituoni kwa sababu hawezi kuishika, na wale waliomkata wanapiga yao kwa raha mkono mzima? Mimi sina chuki na huyu dada, kakake hajahukumiwa na naona hapo ana haki, ila aliyepatikana na hatia ya kumwaga damu amejitoa mwenyewe kwa jamii. Haki zake zisubiri amalize.

BintiLikoni amejibu:

Mjomba nimekusoma mara mbili. Pole sana kwa shemeji yako, na sisemi hivyo kupita tu, babangu naye alikuwa fundi.

Sina jibu la hao watatu. Ninachoogopa mimi ni kwamba mlinzi wa mlango hatofautishi. Ukisema "wa ndani hawapigi" maneno yanamwangukia kakangu ambaye hakuna jaji amesema ana hatia, na yanamwangukia mama niliyemwona pale foleni ya kutembelea amekuja kumuona mtoto wake wa miaka kumi na tisa kwa kesi ya kuku. Hao ndio wengi.

MzeeWaBustani amejibu:

MjombaKilifi mimi ni mmoja wa hao waliopatikana na hatia, kwa hivyo nikujibu kwa heshima. Nilimuumiza mtu. Adhabu niliyopewa ilikuwa miaka, jaji alisema miaka mingapi na nikaikaa yote, hakusema na uraia wako pia nimeuchukua. Nilipokuwa nasikiliza mwalimu akisoma gazeti ndio mara ya kwanza nilianza kujiuliza huko nje watu wanahitaji nini, huyo niliyemuumiza anahitaji nini. Kabla ya hapo nilikuwa nafikiria siku yangu ya kutoka tu. Sikwambii ukubaliane na mimi. Nakwambia kilichonitokea.

MdauWaTanga amejibu:

Wakuu habari za huko. Niko Bongo, nisogeze mjadala kidogo kwa sababu hicho anachosema Mjomba ndicho sheria yetu ilikuwa inasema, tena kwa ukali zaidi.

Kwetu sheria ya uchaguzi ya zamani ilikuwa inamkataa mtu yeyote mwenye kifungo kinachozidi miezi 6. Miezi 6 aisee! Yaani mtu kafungwa miezi 8 kwa kugombana kilabuni anawekwa fungu moja na muuaji. Mwaka 2022 mawakili wawili, Tito Magoti na John Tulla, wakaipeleka Mahakama Kuu Dar, na mwezi wa 12 mahakama ikasema kile kifungu kinapingana na Katiba, kwa sababu Katiba ibara ya 5 inaruhusu kuzuia watu wa makosa fulani yaliyotajwa, haikusema uzoe wafungwa wote kwa kuhesabu miezi. Magoti mwenyewe alishakaa mahabusu zaidi ya mwaka, kwa hiyo hakuwa anaongea mambo ya kwenye vitabu.

Ilipofika Julai 2024 tume ya uchaguzi ikaanza kuboresha daftari la wapiga kura kule Kigoma, safari hii ikaweka vituo vya kuandikisha humo humo ndani, 130 kwenye magereza ya Bara na 10 kwenye vyuo vya mafunzo Zanzibar (kwa ndugu wa Kenya, Zanzibar jela inaitwa chuo cha mafunzo). Ila waliokubaliwa ni mahabusu na wale wa kifungo kisichozidi miezi 6. Ile miezi 6 ikarudi ilikotoka. Mimi hapo nalaumu kabisa, mahakama ilishasema. Lakini kwa upande wa swali la dada, hata kwetu kwenye miezi 6 yetu, mahabusu yumo. Hakuna anayesema mtu ambaye upelelezi wake haujakamilika anyimwe kura, na hapa kwetu upelelezi haukamiliki unaweza kukaa miaka unasikia hiyo hiyo sentensi kila baada ya siku kumi na nne.

Asumani_Portland amejibu:

Nawasalimu kutoka Maine, Marekani. Mimi ni Mkenya wa Kisumu niko huku miaka kumi na kitu. Watu wakisikia Marekani wanajua majimbo mengi mfungwa hapigi, mengine hata akitoka wanamzungusha. Lakini hapa Maine na jirani zetu Vermont hakuna kosa linalokunyima kura hata uwe ndani maisha, na imekuwa hivyo tangu zamani.

Nimekuja kusema jambo moja kuhusu hiyo karatasi moja ya rais. Hapa mfungwa hahesabiwi kuwa mkaazi wa mji wenye jela. Anajiandikisha kwa mji aliokuwa akiishi kabla hajafungwa, anatumiwa karatasi kwa posta, anapiga mpaka kura za mambo madogo ya kwao. Kwa hiyo kijiji chenye jela hakimezwi na kura za wafungwa, na mfungwa hapotezi kijiji chake. Fikirieni mtu wa Kisumu amefungwa Manyani huko Taita Taveta. Sensa ya 2019 ikimkuta pale anahesabiwa pale, kaunti ya Taita Taveta inaongezeka kichwa, na gavana wa pale hamchagui, na wa kwao pia hamchagui. Watoto wake wako Kisumu wanasoma chekechea ya kaunti. Hiyo ndio kura ingemhusu zaidi kuliko hata ya rais, na ndio hana.

ParalegaliPwani amejibu:

Asumani umegusa penyewe. Kakake huyu dada ni mtu wa taa ya barabarani na bajeti ya wadi, na kura tunayompa ni ya Ikulu. Mimi ningependa kesi ijayo iwe hiyo.

BintiLikoni amejibu (wiki tatu baadaye):

Nimerudi kuwapa habari, samahani nimechelewa.

Kipande kimepatikana. Kituo cha polisi walinizungusha siku mbili, nkakumbuka ParalegaliPwani alisema niulize jela kwanza, nkaenda Jumatano nkamuona ofisa wa ustawi, mama mmoja mpole tu, akafungua bahasha yenye jina la kakangu ikawa mna mshipi, shilingi mia mbili na kipande. Mwaka mzima na miezi. Ameandika namba yake kwenye orodha ya wanaotaka kuhamisha kituo, mbele yangu, na akaniambia makarani wakija atamwita. Nimemuuliza lini, hajui. Nitakuwa nauliza kila nikienda. Nilimuonyesha pia hayo mambo ya kifungu cha 51 kwenye simu yangu kabla sijaiacha langoni siku ile, akasema niyaandike kwa mkono nimletee abandike ubaoni, nimeyaandika kwa Kiswahili kwa herufi kubwa.

Yule afande wa kwanza nilimkuta, nkamsalimu, nkamwambia mzee ile kura mahabusu anapiga. Akasema hakujua, akaniuliza na yeye mwenyewe akihamishiwa jela nyingine kikazi anafanyaje na kituo chake. Nkamwambia ahamishe mapema.

Kakangu amenipa kurasa mbili za maoni ya bajeti, mbele na nyuma, ameandika kwa penseli kwa sababu kalamu iliisha wino. La kwanza ni mfereji wa nyuma ya soko. La pili ni choo cha wanawake pale feri. La tatu ameandika kuwa kaunti iweke kwenye bajeti mtu wa kusaidia familia kufuatilia vitambulisho vya watu walio ndani, na kando ameweka mshale ameniandikia "hili niulizie kwa wale watu wako wa mtandaoni kama nimelipanga vizuri".

Kwa hivyo nawauliza, hasa ParalegaliPwani: vitambulisho ni kazi ya serikali kuu, je kaunti inaweza kuwekea pesa hilo ama nimwambie alielekeze kwa mbunge? Mwisho wa kupokea maoni ni Ijumaa na nataka nilichape kesho.